Hesabu ya Chakula na Uzito wa Mwili
(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanachama wa Kitui na Makueni)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme habari ya uzito wa mwili. Twajua wako waliocheka walipoliona jambo hili katika orodha ya mkutano. Chama cha wafanya kazi, walisema, ni cha mshahara na saa za kazi na nyumba. Tangu lini kikaanza kupima watu matumbo? Swali ni zuri. Jibu liko katika daftari yetu ya michango ya wagonjwa. Yeyote aifunue aone maneno yanayorudi ukurasa baada ya ukurasa: presha, kisukari, kiharusi. Zamani daftari kama hii ilikuwa na habari za mikono iliyokatwa na mashine na homa ya malaria. Mambo hayo hayakwisha, lakini haya mapya yamekuja kukaa pamoja nayo, na mara nyingi humshika mtu mwenye miaka 45, ambaye watoto wake bado wako shule.

Basi tutasema kwa lugha ya bahasha ya mshahara, maana hesabu yenyewe ni ya mapato na matumizi.

Chakula chote tulacho kina nguvu ndani yake, na nguvu hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori, kile kile mnachokiona kimeandikwa ubavuni mwa pakiti ya unga. Gramu 1 ya wanga, kama ugali au sukari, ina kalori 4. Gramu 1 ya protini, kama iliyomo ndani ya ndengu na nyama, nayo ina 4. Gramu 1 ya mafuta ina 9. Pombe tupu ina 7 kwa gramu, na hii ndiyo sababu mtu aweza kunywa chupa nne jioni, akasema hakula kitu, na hali amekula kwa kinywa cha chupa.

Hayo ndiyo mapato. Matumizi ni ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya kuishi tu. Mtu akilala kitandani kutwa asiinue hata kidole, moyo wapiga, mapafu yavuta pumzi, mwili walinda joto lake. Kwa mtu wa kazi ya kukaa, matumizi haya peke yake yapita nusu ya matumizi yote ya siku. Ya pili ni ya kazi na mwendo: kukata, kubeba, kupanda mlima, kufuata maji mtoni. Mapato yakizidi matumizi, mwili huweka akiba, na akiba yake ni mafuta. Matumizi yakizidi, mwili hutoa katika akiba. Ikiwa akiba ni ndogo, hula hata nyama ya misuli, ndipo mtu akakonda na kuishiwa nguvu.

Hakuna aliye nje ya hesabu hiyo. Lakini wako wanaosema kwamba, kwa kuwa hesabu ni rahisi, mtu mnene ni mlafi na mvivu, basi. Hao hatukubaliani nao, na tutaeleza kwa nini.

Tazameni kwanza kazi zetu zilivyogeuka. Mkata mkonge kule Kibwezi, au mtu achotaye mchanga mtoni kwa sepetu akijaza lori, hutumia kalori 3,500 kwa siku au zaidi. Mtu huyo akipata kazi ya ulinzi, akakaa kibandani penye geti usiku kucha, matumizi yake yashuka yakawa kama 2,400. Tofauti ni kalori 1,100, sawa na gramu 300 hivi za unga wa mahindi kila siku. Je, sahani yake ilipunguka gramu 300 siku ile alipovaa sare ya askari? Haikupunguka. Mkono uliomzoea mkonge waendelea kumega ugali ule ule. Tena halali vizuri mchana kwa joto na kelele za watoto, na mabingwa wa afya wamekwisha ona kwamba mtu asiyelala vya kutosha huona njaa zaidi kuliko haja ya mwili wake. Dada zetu wa cherehani, kama wale wa kiwanda cha nguo cha Syongila kilichoanzishwa na Serikali ya Kitui mwaka 2018, hukaa kitini saa nyingi na mashine yenda kwa umeme. Anayechoka ni shingo na macho, wala si miguu. Madereva wa Barabara ya Mombasa ndio hasa. Mtu aingia lorini Mlolongo, ashuka Emali kula, apanda, ashuka Mtito Andei kula, na katikati ya vituo hivyo hakutembea hatua mia mbili.

Haya mabadiliko hatukuyachagua mmoja mmoja. Yaliletwa na kazi.

Sasa upande wa mapato. Chukueni chai, maana hakuna ofisi wala shamba lisilo na chai. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16 hivi. Kikombe chenye vijiko vitatu, mara vikombe vitatu kwa siku, jumla yake ni kalori 150 karibu, na hiyo ni sukari peke yake, hatukuhesabu maziwa wala mandazi. Ratili za mafuta mwilini twaweza kuzihesabu pia: kilo 1 ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Mkizidisha 150 kwa siku za mwaka, mkagawa, mtapata kilo 7. Lakini mwili si sanduku la Posta. Unavyozidi kuwa mzito ndivyo unavyotumia nguvu zaidi kujibeba, kwa hiyo ongezeko la kweli katika mwaka wa kwanza litakuwa karibu nusu ya hiyo, kisha litapungua pole pole mpaka uzito utulie mahali papya. Hata hivyo kilo 3 kwa mwaka kwa ajili ya sukari ya chai! Na mtu hajioni kuwa amekula kitu, kwa sababu kinywaji hakishibishi kama chakula cha kutafuna. Soda ya nusu lita ina kalori 200 hivi. Ili kuzitumia mtu mzima yampasa atembee kwa miguu kwa muda wa saa moja.

Mafuta ya kupikia nayo yana siri yake. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120. Viazi vilivyochemshwa ni chakula chema. Viazi vile vile vikitumbukizwa katika karai la mafuta vyatoka na nguvu mara mbili au tatu, na hoteli za stendi zajua kuwa chipsi huuzwa upesi kuliko maharagwe yanayokaa jikoni saa tatu.

Twawasikia wazee hapa mbele wakinong'ona kwamba zamani mtu mwenye mwili aliheshimiwa. Walikuwa na haki. Nchi hii ya Ukambani ni nchi ya njaa zenye majina. Wakubwa kati yetu waikumbuka ile ya mwaka 1961, chakula kilipoletwa kwa ndege, na ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa hali nimeshika, maana watu walikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakuna. Katika nchi ambayo mvua za vuli ndizo tegemeo na mara nyingine hazinyeshi, akiba ya mafuta mwilini ilikuwa bima ya kweli. Na mwili wenyewe bado wafikiri hivyo. Mtu akipunguza chakula, mwili hudhani njaa imekuja: humzidishia hamu ya kula na kupunguza matumizi. Ndiyo sababu wengi hupunguza kilo 5 kisha zikarudi zote. Si udhaifu wa moyo; ni mwili ukifanya kazi iliyowaokoa babu zetu.

Lakini msifikiri kwamba kukonda kumekwisha na sasa shida ni unene tu. Hapa ndipo penye uchungu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 uliona kwamba katika Kitui watoto 46 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, hali kwa Kenya nzima walikuwa 26. Kitui na Pokot Magharibi ndizo zilizokuwa chini kabisa. Mwaka uliofuata, 2015, uchunguzi mwingine wa Serikali uliona kwamba karibu wanawake 4 katika kila watu wazima 10 wa kike nchini walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanaume walikuwa chini ya 2 katika 10. Tieni habari hizi mbili pamoja. Yawezekana katika nyumba moja mama awe mzito na mtoto awe amedumaa, wakila chungu kimoja. Chungu kile kina nguvu tele na vijenzi haba: unga, sukari, mafuta, maharagwe kidogo, mboga kidogo, maziwa hakuna. Tena mabingwa watuambia kuwa mtoto aliyekosa lishe tumboni mwa mama na katika miaka yake 2 ya kwanza, akija kunenepa ukubwani, yumo katika hatari zaidi ya kisukari na presha kuliko mwenzake.

Hili si jipya katika historia ya kazi. Wakati wa ukoloni kibarua wa shamba alipewa posho ya ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku. Pigeni hesabu: ni kama gramu 900, kalori 3,200 hivi. Nguvu ya kushika jembe ilikuwamo. Lakini mtu hajengwi kwa unga peke yake, na walioweka kipimo kile walihesabu jembe, hawakumhesabu mtu. Leo posho haigawiwi kwa ratili, ila mshahara mdogo hugawa vile vile. Mfanya kazi aliyebakiwa na shilingi mia moja na siku nne kabla ya mwisho wa mwezi hununua nguvu kwa bei rahisi, na iliyo rahisi ni unga, sukari na mafuta ya kupimiwa. Wakati wa kiangazi sukuma wiki na kunde hupanda bei. Kwa hiyo tajiri asije akasimama mbele yetu na kusema, "Wafundisheni watu wenu kula vizuri," kisha akakataa nyongeza. Mambo hayo mawili ni jambo moja.

Basi mtu ajijue vipi? Iko njia isiyohitaji mashine. Twaa kamba, jipime urefu wako toka kisigino hadi utosini, ukate. Ikunje katikati. Sasa ile nusu izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani (twawajua!). Ikikutana, vyema. Isipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na hayo ndiyo yenye madhara zaidi, maana huzunguka ini na matumbo. Njia ya pili ni mizani. Mtu wa urefu wa mita 1.70 uzito wake wafaa uwe kati ya kilo 54 na 72 hivi. Akipita 87 amefika mahali pa hatari. Mama mja mzito hapimwi kwa vipimo hivi. Na mtu mwenye misuli ya kubeba magunia aweza kuzidi kidogo kwa mizani na kamba ikakutana; aamini kamba.

Mtu anayepungua bila kutaka, hasa akiwa na kikohozi cha zaidi ya majuma mawili, au kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, asifurahi kuwa kitambi chaondoka. Aende hospitali upesi. Kifua kikuu huanza hivyo, na kisukari pia.

Kuhusu kupunguza, twasema pole pole. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 mpaka 9, akakaa hapo, presha na sukari ya damu hushuka kiasi cha kuonekana, hata kama bado ni mnene machoni pa watu. Hana haja ya kurudi alivyokuwa siku ya harusi. Majani na vidonge viuzwavyo stendi vya kupunguza mwili kwa siku saba vingi humharisha mtu. Kinachopungua ni maji, na fedha. Kukaa na njaa siku tatu kisha kula kama simba hakusaidii. Kinachosaidia ni mambo madogo yasiyokoma: sukari ya chai toka vijiko vitatu hadi kimoja, soda ibaki ya sikukuu, mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa toka chupani, na ugali upungue kwa mtu wa kazi ya kukaa huku mboga na nafaka za maganda zikiongezeka.

Na hapa twataka kujisifu kidogo, sisi watu wa huku. Chakula chetu cha asili ni kizuri kwa shabaha hii kuliko kinachouzwa kwa matangazo. Isyo ya mahindi na kunde, muthokoi na mbaazi, ndengu za Kitui ambazo wafanya biashara hufuata kwa malori, mtama na mawele yanayostahimili kiangazi: vyakula hivi hukaa tumboni muda mrefu, vina protini, na sukari yake huingia katika damu taratibu. Kunde hutoa punje na majani pia. Maembe ya Makueni yakiiva yaliwe yakiwa maembe, usiyageuze kuwa maji ya matunda yenye sukari ya kuongeza. Ajabu ni kwamba kijana akipata mshahara wake wa kwanza huona haya kula isyo mbele ya wenzake, huagiza chipsi na soda. Twaomba kamati za vijana ziseme nao, maana sisi wanatuona wazee.

Mwendo nao usisahauliwe. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima afanye mwendo wa kumtoa jasho kidogo dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mkata mkonge ana hizo na zaidi, asihangaike. Mlinzi, mshonaji, karani na dereva hawana. Kushuka matatu kituo kimoja mapema kwatosha kuanzia. Mwendo peke yake hupunguza uzito kidogo tu, kama mlivyoona katika hesabu ya soda, lakini husaidia moyo na sukari ya damu hata mizani isipocheza, na huzuia kilo zilizoondoka zisirudi.

Sasa twaja kwa kazi ya Chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampasa tajiri kuwapatia wafanya kazi wake maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Pasipo maji, watu hununua soda. Mlolongo ni huo. Wawakilishi wa kazini watazame mabomba na matangi, walete habari. Juu ya chakula, kifungu cha 33 cha sheria hiyo chasema kwamba tajiri atawalisha wafanya kazi vizuri kwa gharama yake ikiwa jambo hilo lilipatanwa waziwazi katika mkataba. Sikieni vizuri: ikiwa lilipatanwa. Lisipoandikwa, hakuna. Kwa hiyo twaleta mbele yenu shauri kwamba katika mapatano yajayo tudai chakula cha mchana cha moto, chenye maharagwe au ndengu na mboga kila siku, na nafasi ya saa nzima ya kukila, badala ya dakika ishirini ambazo humlazimisha mtu kumeza mandazi akiwa amesimama. Na wenye kazi ya kukaa wapewe nafasi ya kusimama na kunyosha miguu kila baada ya saa mbili.

Jambo la mwisho ni la hofu. Wanachama wametuambia faraghani kwamba hawataki kupimwa kwa sababu tajiri akisikia fulani ana presha au kisukari atamtoa. Hofu hii yaua watu, kwa kuwa magonjwa haya hayaumi mwanzoni. Yafaa mjue kifungu cha 41 cha sheria ile ile. Tajiri hawezi kumfukuza mtu kwa sababu mwili wake hauwezi kazi bila kwanza kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa Chama hapo hapo. Asiende peke yake. Atuite.

Kupima hakuna taabu kubwa siku hizi. Tangu mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mizani, mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wako vijijini mwenu, waulizeni wazee wa mtaa. Na kwa kuwa kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, angalieni kwamba jina lako limeandikishwa sawasawa pamoja na watoto, usije ukakatwa fedha na mlangoni pa hospitali ukaambiwa hujulikani. Mweka hazina amekubali kununua mizani moja kwa ajili ya ofisi ya tawi. Itawekwa katika chumba cha nyuma, penye pazia, na majina hayataandikwa kitabuni. Kamba twaomba kila mtu aje na yake.